Kigari Kilichojaribiwa Sakafuni

Kwa watu wetu, kitu chenye tairi huchaguliwa na mwanaume. Sijui nani aliamua hivyo na lini. Baiskeli, toroli, pikipiki, hata mkokoteni wa kutolea ndizi mpaka barabarani: mwanamke atasukuma, atapakia, ataosha tope, lakini siku ya kwenda kununua ataambiwa abaki nyumbani apike. Miaka yote ya ndoa yangu nililiacha jambo hilo lipite kwa sababu halikunigusa. Siku liliponigusa nilitapika maneno ya miaka yote kwa mkupuo mmoja, tena hadharani, na sijamwomba mtu radhi mpaka leo.

Mimi ni mzaliwa wa Songambele, upande wa Kyerwa, nikaolewa Bweranyange. Mtoto wangu wa kwanza ni msichana. Miguu yake haikupata nguvu. Akili anazo, mikono inakamata vizuri, mdomo ndio usiseme, mzima kuliko ninavyopenda. Miguu tu ndiyo haimsimamishi. Mpaka anatimiza miaka mitano nilikuwa nimembeba mgongoni kila mahali, kliniki, kanisani, sokoni, shambani. Kiti cha magurudumu tuliandikishwa ofisini tangu akiwa mdogo, tukaambiwa tusubiri, tukasubiri, na bado tunasubiri. Sikulalamika. Mtu akinihurumia njiani nilimwambia, "Kwani unabeba wewe?"

Mwaka huo alitakiwa aanze chekechea. Mwalimu wa pale shuleni, mama mmoja mkali lakini wa haki, alikubali kumpokea bila maneno mengi. Alitaka kitu kimoja tu, mtoto afike kila siku. "Watoto ni wengi na chumba ni kimoja," alisema. "Wa leo yupo kesho hayupo, simweki kwenye daftari." Nikamwambia atafika hata ikinyesha mvua ya mawe. Nilisema hivyo kifua mbele kabisa, kwa sababu nilikuwa sijajua kwamba nina mimba.

Nesi wa kliniki ndiye aliyeniambia. Mimba moja ilikuwa imeshanitoka kabla ya hapo, na nesi alikuwa anakumbuka vizuri maana ndiye aliyenipokea siku ile. Akamtazama binti yangu mgongoni, miguu ikining'inia mpaka karibu na magoti yangu, akasema, "Huyo mgongoni mwisho leo. Ukiendelea kumbeba huyo, utampoteza huyu." Nikamuuliza, sasa shule atafikaje? Akasema hilo si la kliniki, nikaliulize nyumbani.

Basi nikalipeleka nyumbani. Mume wangu ni mtu mpole. Upole wake kuna siku naupenda na kuna siku unanipandisha presha. Alisikiliza yote, akakuna kichwa, akasema atazungumza na mdogo wake. Mdogo wake huyo, shemeji yangu, anaendesha bodaboda Kayanga, kwa hiyo katika ukoo mzima ndiye anayehesabiwa mtaalamu wa kila kinachozunguka. Nikasema hakuna haja ya kikao, mimi ninachokitaka ninakijua. Nilishakiona Kayanga kwa muuza mitumba ya watoto, jirani na stendi: kigari cha mtoto cha kusukuma, cha matairi matatu. Nyuma mawili makubwa, mbele moja, yote ya kujaza upepo.

Na nilikuwa na sababu yangu, tena niliieleza kwa Kiswahili na kwa Kinyambo ili asije mtu akasema hakuelewa. Kutoka kwetu mpaka barabara ya shule unapita ndani ya vibanja vitatu, mashamba ya nyumbani, cha kwetu na vya majirani wawili, katikati ya migomba na mibuni. Na kibanja cha mtu anayejiheshimu huku kwetu kimetandazwa nyasi na majani makavu ya migomba mpaka udongo hauuoni. Mgomba unapenda hivyo, na mimi mwenyewe ndiye ninayetandaza cha kwetu. Njia yenyewe ni upana wa mtu mwenye jembe begani. Kitu cha matairi madogo kikiingia humo, kitajaa nyuzi za migomba kabla hujavuka hata mstari mmoja.

Shemeji alicheka. "Matairi matatu? Shemeji, hujaona bajaji zinavyopinduka? Kona moja tu, chali!"

"Kwani mimi nitakata kona na mtoto? Ninakimbizwa na nani?"

"Mambo ya tairi tuachie sisi," akasema, na mume wangu naye akacheka kidogo, kile kicheko cha kutotaka ugomvi. Hicho kicheko ndicho kilichoniuma kuliko maneno ya mdogo wake.

Habari ikafika kanisani, na hapa nataka nieleweke. Sina kinyongo na watu wa kanisani kwangu. Walichanga. Mtu aliyetoa mkungu alitoa mkungu, aliyetoa kahawa alitoa kahawa, na hata vibarua wanaolima kwa watu, wale waliotokea Rwanda na Burundi, ambao hakuna aliyewategemea, walichanga. Nikilala leo nikakumbuka, nawashukuru. Lakini kamati iliyochaguliwa kwenda kununua ilikuwa na wazee watatu wa kanisa, wanaume watupu, na shemeji yangu akiwa mshauri. Katika hao wote hakuna aliyewahi kumbeba mtoto wangu kutoka kitandani mpaka chooni. Na hakuna aliyekuja kuniuliza, wewe utakayesukuma, utasukumia wapi?

Wakaenda kwa muuzaji yuleyule, wakarudi na cha matairi manne. Cha rangi ya waridi, chenye paa la kitambaa, na kifuko cha kuwekea chupa ya maziwa, kana kwamba mwanangu bado ananyonya chupa! Matairi yalikuwa ya plastiki, kila moja ukubwa wa kisosi cha chai. Lakini kilikuwa kinang'aa, sikatai.

Jumapili kikakabidhiwa mbele ya madhabahu. Kanisa letu sakafu yake ni ya saruji, imepigwa ikalainishwa, mtu akidondosha kifungo kinateleza mpaka ukutani. Mzee mmoja wa kanisa akamweka binti yangu ndani, akakisukuma kutoka mlangoni mpaka mbele kwa kidole kimoja. Kidole kimoja! Akakigeuza, akakirudisha, akakizungusha. Binti yangu akatupa kichwa nyuma akicheka, akina mama wakapiga vigelegele, na mimi nilipiga, sitasema uongo. Nilisimama pale nikijiambia labda wanajua nisichokijua.

Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya kwanza ya shule. Mume wangu alikuwa ameondoka alfajiri kwenda kibarua cha kujenga. Nikamvalisha binti yangu sare, nikamweka katika kigari chake, tukavuka uwanja wetu uliofagiliwa vizuri kama mabibi harusi. Tukaingia kwenye kibanja.

Mama wee! Hatua ishirini hazikufika. Matairi ya mbele yalizama kwenye matandazo, yakageukiana, moja likitazama huku na jingine kule, na mtoto akarushwa mbele nusura aangukie pua. Nikayatoa nyuzi kwa vidole. Nikasukuma, yakajaa tena. Nikakigeuza nikakivuta kinyumenyume, tawi la mbuni likalipasua lile paa la kitambaa. Nikainua pua yake juu nikajaribu kukiendesha kwa matairi ya nyuma, na tumbo likanikumbusha kwamba liko pale. Kengele ya shule ilikuwa inasikika kutoka bondeni. Binti yangu akageuza shingo akaniuliza, "Mama, kimekufa?"

"Hakijafa. Kimegoma."

Nilimbeba. Ndiyo, mgongoni, na nesi alishanikataza. Ningefanyaje? Kigari nikakiacha katikati ya migomba, nikambeba mpaka shuleni, nikakaa naye darasani mpaka mchana, nikambeba tena kurudi. Saa kumi jioni maumivu yakaanza chini ya kitovu. Nililala chali nikitazama paa, mikono juu ya tumbo, nikimwomba Mungu asinipe adhabu kwa kosa la kamati. Maumivu yalitulia, lakini nilikuwa nimeogopa kweli. Kesho yake binti yangu hakwenda shule. Wala keshokutwa yake. Mume wangu alimpeleka siku moja, na siku hiyo kibarua akakikosa, na kibarua ndicho kilichokuwa kinatulisha. Binti yangu alivaa sare yake kila asubuhi hata hivyo, akakaa barazani kwenye mkeka, akiwahesabu watoto wanaopita.

Ijumaa jioni mwalimu alipita nyumbani. Hakukaa, hata maji hakunywa. "Mama, nimekuvumilia," akasema. "Jumatatu asipoonekana, kuna mzazi mwingine anasubiri ile nafasi. Nitampa." Sikumlaumu. Alikuwa ameniambia tangu mwanzo.

Na siku hiyohiyo shemeji naye akaja, amesikia kigari kimeachwa shambani. Akakileta uwanjani, akakisukuma huku na huku juu ya udongo uliofagiliwa, mkono mmoja mfukoni. "Umeona? Kinakwenda. Tatizo hujui kukiendesha, shemeji. Hivi vitu vinataka ufundi."

Nikamwambia, "Njoo huku," nikamwonyesha kibanja.

Akatazama simu yake, akasema ana abiria anamsubiri. Akawasha pikipiki akaenda zake. Kuambiwa sijui kusukuma mtoto wangu! Mimi niliyembeba miaka mitano! Damu ilinichemka mpaka masikio yakaziba. Nikachukua gunia tupu, nikaingia kwenye kibanja chetu, nikaanza kuokota.

Jumamosi mume wangu alimbeba mtoto mpaka barabarani, mimi nikafuata na kigari kichwani na gunia mkononi. Aliniuliza gunia lina nini. Nikamwambia, "Majani." Akanitazama, akaona uso wangu, akaendelea kutembea. Alikuwa na kazi siku hiyo, akatupakia kwenye gari la Kayanga, na kabla mlango haujafungwa akasema, "Chukua unachokitaka." Angeyasema hayo wiki mbili nyuma tungekuwa tumeshamaliza.

Muuza mitumba alinikaribisha kwa tabasamu, "Karibu dada yangu," lakini alipokitambua kigari tabasamu likapungua. Nikamwambia nimekuja kubadilisha. Akasema hicho ndicho kizuri kuliko vyote alivyonavyo, wake za watu wa ofisini wanavigombania. Nikamuuliza cha matairi matatu kiko wapi. Kilikuwa nyuma kabisa, chini ya marobota, kiti kimechanika ubavu, rangi imepauka, mkanda mmoja haupo.

"Lakini hicho si cha kazi yako, dada. Hicho ni cha kukimbilia."

"Kumkimbia nani?"

"Mazoezi. Wenzetu huko kilikotoka, asubuhi wanakimbia na mtoto yumo ndani."

Loo! Kuna mtu duniani anamweka mtoto kwenye kigari akimbie naye kwa hiari yake, hana anakokwenda! Sikuwa na muda wa kushangaa. Nilifungua gunia nikalimwaga lote mbele ya meza yake: nyasi, majani makavu ya migomba, magome ya mgomba yaliyochakaa, nikayatandaza kwa mguu kama ninavyotandaza nyumbani. Muuzaji akapiga kelele kwamba namchafulia biashara. Watu wakaanza kusogea. Stendi iko pale pale, na bodaboda kazi yao ni kuona kuna nini, kwa hiyo haikupita dakika nikamwona shemeji yangu naye anajipenyeza, kofia ya pikipiki mkononi.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya chini, "unatuaibisha."

Basi, alikuwa amenifungulia bomba. Nikamwambia, "Ninawaaibisha? Mimi? Nyinyi mlikaa wanaume wanne mkachagua kitu cha kumbeba mtoto wangu na hakuna hata mmoja aliyenyanyua mguu kuja kuangalia njia! Mlikijaribu wapi? Kanisani! Kwani mwanangu anasoma madhabahuni? Anaishi kwenye saruji? Miaka mitano nimembeba, kuna siku ulinipokea? Hata hatua kumi? Leo nina mimba, nimelala chali namwomba Mungu isinitoke kwa sababu ya kigari chenu, halafu unakuja uwanjani kwangu, mkono mfukoni, unaniambia sijui kusukuma! Haya, fundi, huu hapa ni uwanja wako. Msukume."

Mama mmoja muuza nyanya akasema, "Sema, mwanangu, sema!" Nikamweka binti yangu kwenye kile cha rangi ya waridi, nikamwachia shemeji usukani. Hakuwa na pa kukimbilia. Akasukuma. Matairi yakazama, yakageukiana, yakakwama. Akasukuma kwa mikono miwili. Akasukuma kwa tumbo. Binti yangu, na huo mdomo wake, akasema, "Baba mdogo, kinataka ufundi." Kicheko kilichopigwa pale sijawahi kukisikia Kayanga.

Mimi sikucheka. Nilimtoa, nikamweka kwenye kile cha matatu, nikamfunga kwa kitenge changu kwa kuwa mkanda haukuwepo, nikasukuma. Tairi la mbele lilipanda juu ya majani, likateremka upande wa pili, nyuma yakafuata. Nikarudi. Nikaenda tena. Mkono mmoja. Nikamwambia shemeji akipindue, si alisema kitapinduka kama bajaji? Akakiegemea ubavuni kwa nguvu zake zote, na hakikupinduka.

Muuzaji alikubali kubadilishana, tena alitaka niondoke upesi na majani yangu. Shemeji hakuniomba radhi. Alichuchumaa, akaminyaminya matairi kwa kidole gumba, akaenda kuazima pampu akajaza upepo, kisha akaniambia nisijaze sana la mbele, litakuwa linarukaruka. Ndivyo walivyo. Hata akishindwa lazima akufundishe kitu kabla hajaondoka.

Jumapili mzee wa kanisa, yule wa kidole kimoja, alinisimamisha mlangoni. Nikamwamkia, "Shikamoo baba." Akaitikia, kisha akaniuliza kwa nini nimebadilisha sadaka ya waumini bila kuiuliza kamati. Nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba kamati nayo haikuniuliza mimi, kwa hiyo tumetoka sare. Akasema mdomo wangu utaniponza. Inawezekana. Lakini siku hiyo nilikuwa na haraka ya kwenda kufua sare.

Jumatatu tulitoka mapema. Kibanja chetu tulikivuka. Cha jirani wa kwanza tulikivuka. Katika cha pili kulikuwa na mgomba umeanguka njiani usiku, nikasema moyoni sasa hapa, lakini niliinua pua kidogo tu tairi likapanda, likashuka, tukaendelea. Binti yangu hakusema neno njia nzima, jambo ambalo halijawahi kutokea. Alikuwa ameshika kingo za kigari kwa mikono miwili, anatazama mbele.

Mwalimu alikuwa mlangoni. Alitazama matairi yetu yaliyojaa matope na nyuzi, akatazama tumbo langu, akasema, "Mwingize." Tukamweka kwenye kiti cha mbele, kigari nikakiegesha nje ukutani. Mimi nikasimama dirishani. Nilikuwa nimepanga kukaa pale mpaka mchana. Huenda angetaka kwenda chooni, au asukumwe na wenzake, au alie. Mtoto huyu hajawahi kukaa hata saa moja bila mimi au baba yake kuwa karibu, hata ile siku ya kwanza nilikaa naye humo ndani mpaka mwisho.

Akageuka akaniona.

"Mama, nenda nyumbani."

"Nakaa hapa kidogo tu."

"Hakuna mama mwingine hapa," akasema, kwa sauti ya darasa zima kusikia.

Nilitazama kulia na kushoto. Kweli hapakuwa na mwingine. Nilikasirika, jamani! Baada ya gunia, baada ya Kayanga, baada ya kugombana na ukoo na kanisa, nafukuzwa dirishani na mtu wa miaka mitano! Nilifungua mdomo nimjibu, lakini mwalimu alikuwa ameshaanza kuita majina, na la kwake likaitwa, na yeye akajibu, "Nipo!" huku ameshanipa kisogo.